Wekundu wa Shiromani

Kamera ilipofika Moroni, wanaume saba wa chama cha wapiga picha walipokezana kuishika, na kila mmoja akaiweka mezani upesi kuliko mwenzake. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya kuenea kwenye kiganja. Iliandamana na barua ya Irchad, Mngazidja, yaani mtu wa kisiwa hicho cha Moroni, aliyekuwa akiishi Marseille, Ufaransa, ambaye alifikiria kuleta Komoro kamera thelathini za namna hiyo. Hakuwalenga wenye harusi wala watalii. Aliwalenga watu wanaoupenda upigaji picha wenyewe, wanaojua wanachokitafuta, ila hawataki kubeba mzigo shingoni kutwa nzima.

"Ijaribuni kwa miezi miwili," aliandika. "Niambieni ukweli. Mkisema haifai, sileti hata moja."

Mwenyekiti wa chama alikuwa Tadjidine, mwalimu wa sekondari, mtu mpole lakini mwenye kuringia kamera yake kubwa na lenzi zake tatu. Aliuliza nani ataichukua. Farid, aliyezoea kusema lolote linalomjia, akasema kitu kile kinafaa mkoba wa mwanamke, na macho yote yakamgeukia Ikrame, mwanamke pekee chumbani.

"Nitaichukua," Ikrame alisema. "Lakini nikileta ripoti, mtaisikiliza mpaka mwisho."

"Tutaisikiliza, Bi Ikrame," Tadjidine alisema, kwa sauti ya mtu anayeahidi jambo dogo.

Ilikuwa mwanzoni mwa Januari mwaka 2008. Ikrame alikuwa na miaka arobaini. Alizaliwa Mahajanga, Madagaska, akaletwa Moroni mwaka 1977 akiwa mtoto wa miaka tisa, pamoja na maelfu ya wenziwe waliokimbia mauaji ya Wakomoro kule, ambao mpaka leo huitwa Wasabena kwa jina la ndege zilizowaleta. Mama yake alikuja na watoto wanne na ujuzi wa vitambaa, basi. Ujuzi huo alimwachia Ikrame, naye sasa alikuwa na duka lake katika soko la Volo Volo. Mteja angeweza kumletea kipande cha uzi tu, Ikrame akatoka nacho nje penye mwanga wa mchana, akakitazama, akarudi ndani na kumshushia jora lenyewe bila kubahatisha. Wauza vitambaa wengine walipobishana kuhusu rangi, walimwita yeye awaamue.

Basi aliijaribu kamera kwa namna aliyoijua. Alikata vipande ishirini na vinne kutoka majora ishirini na manne, akavishonea kwenye ubao: manjano ya bizari, buluu ya sare za shule, kijani, zambarau, nyeupe tatu zisizofanana. Kila siku saa nne asubuhi aliuegemeza ubao ule kwenye ukuta wa duka, akaupiga picha, akaandika kwenye daftari kila alichokibadilisha. Alikwenda Ntsoudjini akapiga picha kuta za mji wake wa kale, jiwe kwa jiwe, ili aone lenzi inakata vipi pembeni. Jioni alizitazama picha kwenye kompyuta ya binti yake, Nassima, akizikuza mpaka uzi mmoja uonekane kama kamba.

Hakuionea huruma. Aliandika kwamba lenzi ni kali katikati lakini pembeni inalegea. Aliandika kwamba kamera ikiwashwa huchelewa kuamka, na mtu aliyekuwa akicheka anakuwa amekwisha kununa. Vitufe vyake vidogo mno kwa vidole vya mtu mzima. Ndani ya nyumba yenye giza picha hujaa chembechembe kama mchanga. Aliandika pia mazuri: kwamba haina kelele, kwamba watu hawaiogopi, kwamba nyeupe zote tatu ilizitofautisha, jambo ambalo hata wauzaji wengine hawaliwezi.

Tatizo likawa wekundu. Kila alipopiga kipande chekundu, nyuzi ziliyeyuka. Kitambaa kilichofumwa kikageuka kuwa bapa, kama rangi iliyomwagwa mezani. Hakujua kosa ni la kamera au la kitambaa chenyewe, maana kilikuwa cha bei ya chini kutoka ng'ambo, na wekundu wake hata kwa macho haukutulia.

"Nahitaji wekundu wa kweli," alimwambia Nassima. "Nahitaji shiromani."

Shiromani ni vazi la wanawake wa kisiwa jirani cha Nzwani, kitambaa kipana wanachojitanda wakitoka nyumbani, na ile nyekundu ya zamani ina kina ambacho Ikrame hakuwahi kukiona kwenye jora lolote. Marehemu mumewe, Raouf, alikuwa mtu wa Mutsamudu, mji mkuu wa kisiwa hicho. Wifi yake, Moinaidi, bado aliishi kule katika nyumba ya wazazi, na alikuwa na shiromani ya aina hiyo.

"Mama, kule hakuendeki," Nassima alisema. "Husikii redio?"

Alikuwa akiisikia. Wakuu wa Nzwani walikuwa wamekataa kuitii serikali ya Muungano wa Komoro iliyoko Moroni, na kila mtu sokoni alizungumza habari za wanajeshi kukusanywa. Vyombo vya baharini vilikuwa bado vikienda, vichache, na abiria walikuwa wachache zaidi.

"Ripoti yenye pengo si ripoti," Ikrame alisema. "Nakwenda siku kumi."

Akaenda. Siku ya nne ya kukaa kwake Mutsamudu, ikatangazwa kwamba safari zote kati ya visiwa zimesimamishwa.

Nyumba ya Moinaidi ilikuwa ndani ya mji wa mawe, chini ya ngome, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye mizigo hawapishani bila mmoja kurudi nyuma. Moinaidi alikuwa mjane pia, mkubwa kwa Ikrame kwa miaka kumi na miwili, mwenye maneno machache. Alimpokea wifi yake bila maswali. Shiromani alipoombwa alikwenda kuitoa kabatini, akaifunua juu ya kitanda, na Ikrame akakaa chini kuitazama kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga.

"Unaipiga picha ya nini?" Moinaidi aliuliza.

"Nataka nione kama kamera inaiona."

Kamera haikuiona. Hata shiromani ile iliyofumwa kwa makini, yenye nakshi nyeupe na nyeusi ubavuni, ilitoka bapa. Sasa Ikrame alijua kosa si la kitambaa. Lakini mtu anayenunua kamera hataki kuambiwa kosa tu, anataka kujua kama linarekebishika. Kwa hiyo alianza kutafuta. Jua liliingia kwenye kichochoro kile kwa muda mfupi, likaugusa mlango wa kaskazini wa nyumba saa nne na robo, likapita. Kila siku kwa dakika hizo chache alitundika shiromani mlangoni na kupiga, akipunguza mwanga kidogo kidogo, akibadilisha namna kamera inavyopima rangi, na kuandika yote daftarini.

Mafuta yalikuwa yakiadimika kisiwani na umeme ulikuja saa mbili kwa siku, siku nyingine usije kabisa. Alikuwa na betri mbili. Mwenye duka la dawa, mzee Anli, alikuwa na jenereta ya kuhifadhia dawa baridi, naye alimruhusu Ikrame kuchajia betri moja kila adhuhuri. Hilo pia aliliandika, maana lilimwezesha kujua kwa hakika betri moja inatoa picha ngapi: mia mbili na kumi na nane ukiwa hutumii taa ya kamera.

Mwanzoni mwa Machi aliipata. Ukipunguza mwanga theluthi mbili za hatua moja ya kipimo cha kamera, na ukiiambia kamera kwamba uko kivulini badala ya kuiacha ijichagulie, nyuzi zinarudi. Ikrame alizitazama kwenye kioo kidogo cha nyuma na akahisi joto kifuani. Ilikuwa kama mara ile ya kwanza mama yake alipomwachia duka peke yake.

Siku ya pili yake alikamatwa.

Alikuwa amesimama nje ya mlango, daftari kwapani, kamera mkononi, wakati askari wawili wa kisiwa walipotokeza kwenye kona. Mmoja alimsalimu, naye akaitikia, na kwa neno lile moja wakajua ametoka kisiwa gani. Walimpeleka kwenye kituo karibu na bandari. Mkuu wa kituo aliitwa Ousseni, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alifungua daftari na kusoma ukurasa mzima kabla hajasema.

"Umetoka Moroni."

"Nimetoka Moroni, mkuu. Hapa ni nyumbani kwa mume wangu."

"Themanini. Mia nne. Kasoro theluthi mbili," Ousseni alisoma. "Saa nne na robo, mlango wa kaskazini. Nani anapita mlango wa kaskazini saa nne na robo?"

"Jua," Ikrame alisema.

Askari mmoja alicheka, kisha akanyamaza alipoona mkuu wake hacheki.

Ousseni aliichukua kamera akaanza kuzipitia picha. Kitambaa. Kitambaa. Kitambaa kile kile. Alibonyeza kwa muda mrefu, uso wake ukizidi kukunjamana.

"Hakuna mtu mwenye akili timamu anayepiga picha kitambaa kimoja mara mia na themanini."

"Mimi ni mwuza vitambaa, mkuu. Nimepewa kazi ya kuipima hii kamera. Wapenzi wa picha wanataka kujua kama wainunue au waiache. Wekundu inaukosea. Nimekuwa nikitafuta sababu."

"Wakati huu? Hapa?"

"Shiromani iko hapa."

Wakati huo Moinaidi aliingia. Jirani alikwenda kumwita, naye alikuja vile vile alivyokuwa, amejitanda shiromani ile aliyoitoa mlangoni, anahema kwa haraka ya kushuka ngazi za mji. Hakupaza sauti. Alisema, "Ousseni, huyu ni mke wa ndugu yangu. Mama yako alikula harusini kwake."

"Mama Moinaidi, mimi niko kazini."

"Na yeye yuko kazini," Moinaidi alisema.

Ikrame aliona kwamba maneno hayatatosha. Aliomba kamera, akamsimamisha wifi yake mlangoni, akapiga picha moja kwa kuiacha kamera iamue yenyewe, kisha nyingine kwa namna aliyoigundua. Akamwonyesha Ousseni zote mbili. Ousseni alizitazama, akainua macho kumtazama Moinaidi, akarudi kwenye kioo.

"Hii ya kwanza ni kama nyanya," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Hii ya pili ndiyo yenyewe."

"Ndiyo kazi yangu, mkuu. Hiyo tu."

Ikrame aliona kwamba Ousseni anamwamini, na aliona pia kwamba anawaogopa wakubwa wake. "Siwezi kukuacha uondoke na vyote," Ousseni alisema hatimaye. "Watu wamekwisha kuona umeletwa. Lazima nibaki na kitu cha kupeleka juu. Kamera au daftari. Chagua."

Daftari lile lilikuwa na wiki nane za kazi. Lakini kamera haikuwa yake, alikuwa ameaminiwa nayo. Alichagua kuondoka na kamera.

Walipofika nyumbani Ikrame alikaa kwenye ngazi. Bila namba zile, ugunduzi wake ulikuwa maneno matupu. Angesimama mbele ya wanaume saba na kuwaambia, niliipata, nikaipoteza.

Ni Moinaidi aliyeshika kamera na kuanza kubonyeza vitufe, bila kujua anachokifanya, kwa sababu tu hakuvumilia kukaa bure.

"Haya maandishi madogo chini ya picha ni ya nini?" aliuliza.

Ikrame alitazama. Chini ya picha ya shiromani palikuwa na mstari wa namba: mwanga umepunguzwa kiasi gani, lenzi imefunguka kiasi gani, tarehe, saa, dakika. Alibonyeza, akatazama picha iliyotangulia. Nayo ilikuwa nazo. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amepiga kwa filamu, ambayo haikumbuki chochote, na mazoea ya kuandika kwa mkono yalimfanya asiwahi hata kukitafuta kitufe kile. Kamera ilikuwa imeandika daftari lake lote, tangu ubao wa kwanza Volo Volo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Moinaidi, ambaye hakuelewa, akacheka naye.

Kazi ilianza upya. Kioo kilikula betri haraka kuliko kupiga picha, kwa hiyo walitazama picha ishirini kwa kikao, wakazima. Moinaidi alisoma namba, Ikrame aliandika kwenye karatasi za kufungia dawa alizowapa mzee Anli. Siku za mwanzo Moinaidi alisoma tu. Baadaye akaanza kutoa maoni.

"Hii bado," alikuwa akisema. "Hii ni shiromani ya harusi ya mtu mwingine."

"Na hii?"

"Imekaribia. Lakini nakshi nyeusi imekuwa mkaa. Hebu nyingine."

Ikrame aligundua kwamba wifi yake ana jicho kali kuliko watu wengi waliosomea picha, na aliandika jina lake ripotini kama mtu wa pili wa kupima. Waligombana siku mbili kuhusu picha namba mia na kumi. Mwishowe Ikrame alikubali kwamba Moinaidi yuko sahihi.

Asubuhi moja ya mwishoni mwa Machi waliamshwa na vishindo kutoka upande wa uwanja wa ndege, kisha vingine karibu zaidi. Wanajeshi wa Muungano na wa nchi za Afrika walikuwa wametua. Wanawake hao wawili walikaa chumba cha ndani, migongo ukutani, kutwa nzima, Moinaidi akisoma dua na Ikrame akiitikia. Kufikia alasiri milio ilikuwa imekoma, na watu wakaanza kuitana dirisha kwa dirisha kuulizana kama kila mtu yu salama. Kichochoroni kwao wote walikuwa salama.

Asubuhi iliyofuata wanawake wa mtaa walitoka, kwanza mmoja, kisha watatu, kisha wengi, kutafuta maji, mkate na habari. Walikuwa wamejitanda shiromani. Jua lilikuwa limefika saa yake, mstari mwembamba kati ya kuta mbili, na wanawake wakaupita mmoja baada ya mwingine, kivulini, juani, kivulini tena. Ikrame alisimama mlangoni na betri iliyobaki robo. Mikono yake ilijua la kufanya. Alipunguza theluthi mbili, akaiambia kamera iko kivulini, na akapiga picha kumi na moja. Katika ya tisa Moinaidi alikuwa katikati ya mstari wa jua, amegeuza uso kumjibu mtu, na kila uzi wa shiromani yake ulikuwepo.

Alirudi Moroni katikati ya Aprili. Nassima alimkumbatia bandarini na kumshikilia muda mrefu, akamwambia amekonda. Wiki ile ile chama kilikutana.

Ikrame alisoma ripoti yake kwa saa moja na nusu, akisimama. Mwanzoni Farid alikuwa akichezea simu yake. Ilipofika sehemu ya wekundu, simu ilikuwa mfukoni. Hakuwasimulia habari za kituo kwa urefu, alisema tu kwamba daftari la kwanza lilichukuliwa na kwamba kamera ndiyo iliyolirudisha, na hilo alilihesabu miongoni mwa sifa zake.

Alipomaliza, Farid aliuliza, "Ulikuwa Mutsamudu siku zile zote na hukupiga picha hata ya askari mmoja?"

"Askari walipigwa picha na wengi," Ikrame alisema. "Mimi nilitumwa kuipima kamera."

Tadjidine alikuwa ameishika picha ya tisa, iliyochapwa kubwa, na hakuwa ameiweka chini tangu alipopewa. Aliinuka, akachukua kamera yake kubwa, akaomba watoke nje. Ikrame alikuwa amerudi na shiromani mbili za kuuza. Akatandaza moja ukutani. Tadjidine alipiga kwa lenzi yake bora, akatazama kioo, akapiga tena. Waliokuwa nyuma yake walikiona alichokiona: nyanya.

Kisha akageuka, na sauti yake haikuwa ile ya Januari.

"Bi Ikrame, hii yangu niipunguze kiasi gani?"

"Ya kwako sijui, Mwalimu," alisema. "Niachie wiki mbili."

Na Tadjidine akaivua shingoni, akampa.

Hukumu ya ripoti ilikuwa ya kurasa mbili. Ilisema kamera inafaa kwa mtu aliye tayari kuifundisha, haifai kwa mtu anayetaka ijue kila kitu yenyewe. Ilimshauri Irchad asilete thelathini. Alete kumi na mbili, na ndani ya kila boksi atie ukurasa mmoja unaoeleza namna ya kupiga vitambaa vya watu wa visiwa hivi, kwa Kingazidja na kwa Kinzwani.

Irchad alipiga simu kutoka Marseille. Alisema amesoma ripoti mara mbili, na kwamba mwenye duka anayemuuzia kamera ameomba nakala ya kutafsiriwa. "Nilitegemea karatasi moja," alisema. "Nani alikufundisha kupima hivi?"

"Mama yangu," Ikrame alisema. "Alikuwa akiuza vitambaa Mahajanga."

Kamera kumi na mbili zilifika Septemba. Ukurasa wa Kinzwani Moinaidi aliusahihisha kwa simu, neno kwa neno, akikataa kila neno lililonuka Moroni. Chini yake yaliandikwa majina yao wote wawili. Ikrame alifungua boksi la kwanza, akasoma jina lake, akalisoma tena, kisha akamwita mwenye duka la jirani aje asome naye.

Moinaidi alitumiwa picha ya tisa ndani ya fremu. Alipiga simu siku ilipofika.

"Nimeitundika sebuleni," alisema. "Wanakuja kuitazama tangu asubuhi. Hata Ousseni alikuja. Amevuliwa cheo, anamsaidia mzee Anli dukani."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama wewe ndiye uliyeipiga. Nikamwambia ndiyo, wifi yangu wa Moroni. Kila anayeuliza namwambia hivyo hivyo, wifi yangu wa Moroni, na wala sipunguzi sauti."